Siku 96 bila jina

Jamani, hatimaye watoto wamepata majina. Alhamisi, Aprili 14, 2011, katika kanisa la Holmen hapa Copenhagen, Askofu Erik Norman Svendsen aliwamwagia maji mapacha wa Frederik, wakati huo mrithi wa ufalme, na mkewe Mary, ndipo nchi nzima ikajua: wa kiume ni Vincent Frederik Minik Alexander, wa kike ni Josephine Sophia Ivalo Mathilda. Walizaliwa Januari 8. Siku 96! Watoto wananyonya, wananenepa, picha zao zimejaa magazetini, mizinga imepigwa siku ile ile waliyozaliwa, lakini ukiuliza wanaitwa nani, unaambiwa subiri ubatizo.

Wenyewe hawaoni ajabu. Ndiyo desturi ya nyumba ya kifalme: wazazi wanajua, wananyamaza, na nchi inakisia. Baba mtu naye siku walipozaliwa akatania kwamba mmoja aitwe Elvis, kwa sababu Januari 8 ndiyo siku aliyozaliwa Elvis Presley. Kwetu baba akitania hivyo hospitalini, jioni mtoto ni Elvis, na hadi anastaafu ataitwa Elvis.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Tangu Januari jokofu la chumba chetu cha chai lilibandikwa karatasi yenye safu mbili, ya mvulana na ya msichana, na pembeni chupa tupu ya jemu ya kuwekea kroner 20 za kubahatisha. Kila mtu na sababu zake. Mmoja anasema msichana lazima awe Margrethe, jina la bibi yake, malkia wa wakati huo. Mwingine anabisha, dada yao Isabella tayari ana Margrethe ndani ya majina yake, tena ana Ingrid na Henrietta, hayo yamekwisha tumika. Kuna bibi mmoja, mkazi wetu, umri umepita tisini, akanituma niandike "Knud" kwenye safu ya mvulana. Wenzangu wakacheka. Kumbe bibi ana hoja: Knud alikuwa mdogo wake Mfalme Frederik wa Tisa, na yeye ndiye angerithi kiti, mpaka Wadenmark walipobadilisha sheria mwaka 1953 ili binti naye aweze kurithi, na kwa sheria hiyo Margrethe akawa malkia mwaka 1972. Bibi anaona Knud alionewa. Nusu karne baadaye bado anamdai fidia, walau ya jina! Huyo nilimpenda.

Mtoto wa kwanza wa Frederik, aliyezaliwa 2005, hakuwa na cha kukisia. Tangu karne ya 16 wafalme wa hapa wanapokezana, Christian akitoka anaingia Frederik, Frederik akitoka anaingia Christian. Baba Frederik, basi mtoto Christian, mchezo umeisha. Ila mapacha hawafuati foleni hiyo, ndiyo maana mwaka ule watu walipagawa.

Zamu yangu ikafika. "Na wewe?" Nikasema: Kulwa na Doto.

Wakaandika. Wakauliza Kulwa ni wa kiume au wa kike. Nikawaambia vyovyote, wa kwanza kutoka ndiye Kulwa. Mvulana ametoka saa nne na nusu asubuhi, dada yake dakika 26 baadaye, kwa hiyo mvulana Kulwa, msichana Doto, nileteeni chupa yangu. Wakasema hapana, huko si kukisia, huko ni kujua. Sawasawa kabisa! Kwetu pacha hakisiwi. Ukizaa mapacha Tabora au Mwanza jina limetangulia kufika wodini kabla ya mkunga. Pwani watakupa Hasani na Huseni, Kisumu Opiyo na Odongo, Kampala Waswa na Kato, Bujumbura Bukuru na Butoyi, na kule kwa Waganda hata wazazi wanabadilishwa majina wawe Ssalongo na Nnalongo. Na atakayewafuata mapacha kwa Wasukuma naye hana ujanja, ni Shija. Utaratibu huu ulikuwapo kabla hawajaweka sheria ya urithi.

Na hapa ndipo ninapoudhika kidogo. Siku 96 zile nilikuwa nikiwatazama wenzangu wakikisia kwa utulivu wote, bila hasira, bila mtu kununa, nikajiuliza mbona wanaweza? Ni kwa sababu hakuna mwenye haki. Jina ni la baba na mama, basi. Ninyi wengine wekeni kroner zenu kwenye chupa. Hata mtaani ni hivyo. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alijifungua, nikaenda na zawadi na kadi, nikauliza niandike jina gani. Akanijibu kwa tabasamu, "Bado hatujaamua." Mtoto alikuwa na meno mawili! Sheria inawapa wazazi miezi sita. Miezi sita mtoto anageuka akisikia sauti ya televisheni, lakini yeye mwenyewe hana la kugeukia.

Mimi kwa malezi yangu naona ni upweke. Mtoto wa kwetu siku ya saba ana jina, pengine ana matatu na yanagombana, lakini anayo. Ana bibi anayemwita "mama" kwa sababu amempa jina la mama yake. Ana wajina wake kijijini anayemtumia kuku. Hajafungua macho vizuri, tayari ni mtu wa mtu.

Nawasikia. Dada yule wa "umekaa Ulaya miaka miwili mitatu unajifanya kushangaa wazungu", na kaka yule mwingine wa "umesahau tulivyokuwa tukipigana kwa majina hayo hayo". Sijasahau. Nitawaeleza.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hapa. Mimi Mnyamwezi Mkatoliki, mwenzangu Mwislamu wa Tanga. Simu zilianza tumbo likiwa la miezi minne. Mama mkwe ana jina. Shangazi wa mume ana jina na ana sababu: marehemu kamtokea ndotoni. Mama yangu anasema yeye hana neno, mpeni lolote, lakini kila simu anapitia habari za bibi yangu aliyenilea, jinsi alivyokuwa mvumilivu, na jinsi wajukuu wote wamemruka. Shemeji akasema tukipindisha hatuna haja ya kuja Idi. Kuna siku niliiweka simu kwenye kabati la vyombo ikalia humo mpaka ikachoka.

Halafu likaja la kuandikisha. Denmark, karibu nchi nzima isipokuwa kusini mwa Jutland, daftari la vizazi linatunzwa na ofisi za kanisa la taifa. Uwe Mwislamu, uwe Mhindu, uwe huna dini, jina la mtoto linapitia kwa karani wa parokia. Ni kazi ya serikali tu, kanisa linaifanya kwa niaba yake. Sasa mweleze hilo shangazi wa Tanga! Yeye alichosikia ni kwamba mtoto wa kaka yake kapelekewa mtoto kanisani. Mume wangu alieleza kwa Kiswahili chote anachokijua, kadi ya simu ikaisha, akaweka nyingine. Mpaka leo shangazi akiniuliza hali huongeza, "Na kanisani hawajambo?"

Tena jina lenyewe halikuwamo kwenye orodha. Hapa kuna orodha ya majina yaliyoidhinishwa, maelfu, na lisilokuwamo unaliombea kibali. Tukaomba, tukasubiri, kikaja. Sisi wenye kila mjomba na rai yake tulimaliza kabla ya wao wenye uhuru wote.

Kwa hiyo ndugu yangu usiniambie nimesahau. Nilipokuwa nimekaa na ile simu ikilia kabatini, niliwaonea hawa watu wivu mkubwa, wivu wa kweli. Wanalala na mtoto wao, hawapigiwi simu, na hakuna anayenuna. Mary mwenyewe ni mtu wa Tasmania, Australia ya mwisho kabisa, ukweni kulikuwa na malkia, na sijasikia kwamba wifi yeyote alimwekea kikao. Labda aliwekewa, ila wao wanajua kufunga mlango.

Ila tazameni vizuri hayo majina yaliyotoka. Frederik ni baba yao. Minik na Ivalo ni majina ya Greenland, na Greenland ni sehemu ya ufalme huu, kule ambako Frederik mwaka 2000 alikaa miezi na timu ya mbwa wakivuta sleji kwenye barafu kilometa zaidi ya elfu mbili. Malkia Margrethe mwenyewe alipozaliwa Aprili 1940, wiki moja tu baada ya Wajerumani kuingia Denmark, alipewa na jina la Kiaislandi, Þórhildur, kwa vile Iceland bado ilikuwa na mfalme huyo huyo. Naye alibatizwa kanisa hilo hilo la Holmen. Hayo mnayaitaje? Mimi nayaita kikao cha ukoo. Kila mwenye dai kapewa kijisehemu chake, ila kikao kilifanyika kimyakimya, na sisi wa nje tukaambiwa wazazi wamependa tu.

Hapo ndipo wenzangu wa kazini waliponiudhi. Nilipowaambia Minik na Ivalo ni siasa, wakasema hapana, ni mapenzi. Lakini nilipowaeleza kwamba kwetu mtoto hupewa jina la bibi ili ukoo usivunjike, mmoja akauliza kwa huruma, "Kwa hiyo mama hana uhuru wa kuchagua?" Nikameza chai yangu.

Na wasimamizi wa ubatizo! Kila pacha kapewa sita. Kwa Vincent yumo Felipe, wakati huo mrithi wa kiti cha Hispania, na mjomba wake wa Australia. Josephine ana Marie, mke wa baba yake mdogo, na mama yake mkubwa, na mkuu mmoja wa ile koo ya kifalme ya Bourbon ya Kusini mwa Italia iliyobaki bila nchi. Kazini walikisia na hao pia, ila kwa uvivu, maana hapa kusimamia ubatizo ni kijiko cha fedha na kopo la kuwekea jino la kwanza. Unatoa kijiko, unapigwa picha, kila mwaka unatuma kadi.

Kwetu baba wa ubatizo huchaguliwi kwa kukisia, unachaguliwa kwa hesabu. Mwenye gari wa kwanza. Kama ni mwenye cheo, akibatiza wa kwanza atabatiza na mtaa mzima. Ada ya kidato cha kwanza ikikwama anajua simu itakayoingia, na siku ya harusi kiti chake ni cha mbele na bahasha yake inatazamwa unene. Mimi mwenyewe, tangu nimefika huku, nimekuwa mama wa ubatizo wa watoto ambao sijawaona hata kwa picha. Kanisani husimama mtu kwa niaba yangu, na kwenye bahasha hakuna anayesimama kwa niaba yangu. Nalalamika, ndiyo. Lakini niambieni ukweli: huyo wa Hispania naye mnadhani kachaguliwa kwa sababu ya tabasamu? Nao wanapiga hesabu, tofauti ni kwamba za kwao hazihusu ada.

Najua kuna mwingine yuko pale nyuma anachemka: sisi huko nyumbani tuko kwenye mgao wa umeme, wewe unatuletea watoto wa mfalme, tena mfalme wa wakoloni. Kaka, haya. Kwanza mgao naujua, dada yangu hunipigia anapoipata chaji. Pili, Novemba 2008 wodi ya Kisumu ilijaa akina Barack na Michelle, hakuna aliyewauliza wale akina mama habari za umeme. Tatu, Ijumaa ya Aprili 29, 2011, malkia wa Uingereza alimwoza mjukuu wake William na ninyi nyote mlikuwa baa yenye jenereta mkitazama gauni. Majina ya mtoto wao nayo mkayakisia ninyi.

Chupa ya jemu haikupata mshindi. Vincent hakuwamo kwenye karatasi, Josephine hakuwamo. Bibi wa Knud alipopelekewa habari alisema Vincent si jina la Kidenmark, akarudi kwenye uji wake. Kroner zile tukanunulia keki ya Pasaka, na mimi nikala kipande changu nikiwakumbusha kwamba kama wangenisikiliza tungejua tangu Januari.

Mdogo wangu wa mwisho anajifungua Juni. Jina limepangwa tangu Krismasi, la bibi yule yule aliyerukwa, na mimi ndiye mama wa ubatizo. Sikuulizwa. Nimetumiwa tu kiasi.