Jumapili ya Muuza Duka: Perth Hujadiliwa, Kigoma Huchukuliwa Bure

Katika hati ya mshahara ninayopewa kila baada ya wiki mbili hapa Perth, Australia, mstari ninaoutazama kwanza ni ule wa Jumapili. Unaonyesha saa nilizopanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi siku hiyo, na pembeni yake kimeandikwa kiwango: asilimia 150 ya malipo yangu ya kawaida kwa saa. Safari hii nimeutazama nikiwa nimetoka kuzungumza na mdogo wangu anayeuza duka la jumla pale Mwanga, Kigoma. Jumapili hiyohiyo alifungua saa moja asubuhi, akafunga saa mbili usiku, na mwisho wa mwezi atapokea kilekile alichoahidiwa na tajiri wake kwa mdomo siku alipoanza kazi. Furaha yangu ikageuka hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoniketisha kuandika.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba nimeshiba ughaibuni na sasa nawafundisha watu wa nyumbani namna ya kuishi, kana kwamba sikukulia huko na sikuwahi kubeba magunia ya unga kutoka kwenye fuso hadi stoo. Naomba nisomwe kwanza. Sisemi kwamba Waaustralia wana huruma kuliko sisi, kwa sababu mstari ule haukuletwa na huruma ya mtu yeyote. Mwaka 2017 Tume ya Fair Work, ambayo ndiyo inayopanga viwango vya kima cha chini kwa sekta mbalimbali, ilikata malipo ya Jumapili kwa wafanyakazi wa kudumu wa maduka ya rejareja kutoka asilimia 200 hadi 150 ya malipo ya kawaida, ikishusha hatua kwa hatua mpaka Julai 2020. Chama cha wafanyakazi wa maduka, SDA, kilikwenda Mahakama ya Shirikisho kupinga, kikashindwa. Malumbano hayakuisha hapo, hata ikafika mwaka 2025 Bunge lao likapitisha sheria ya kuizuia Tume isipunguze tena nyongeza za namna hiyo.

Wala vyama vyao si vya malaika. SDA hiyohiyo ilikubaliana na kampuni ya supamaketi ya Coles mkataba uliopandisha kidogo malipo ya saa za kawaida na kupunguza nyongeza za usiku na wikiendi, na mwaka 2016 Tume iliamua kwamba mkataba huo uliwaacha baadhi ya wafanyakazi wakipata pungufu ya kiwango cha chini cha sekta yao. Aliyelifikisha jambo hilo mbele ya Tume alikuwa mfanyakazi wa kawaida. Kwa hiyo ninachokionea wivu hapa ni kwamba bei ya Jumapili ya mfanyakazi ni jambo linalogombaniwa hadharani, kwa maandishi na kwa tarakimu, na kila upande una mtu wa kuusemea.

Sasa turudi kwetu, na hapa nasema kwa fahari kabla sijasema kwa uchungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 24, inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki, na inasema kwamba hawezi kufanyishwa kazi katika saa hizo mpaka akubali kwa maandishi, na akikubali alipwe mara mbili kwa kila saa. Mara mbili, ndugu zangu! Ni zaidi ya hiyo asilimia 150 ninayolipwa mimi. Tukitumia hata kima cha chini cha Amri ya Mishahara ya 2022, ambacho kwa sekta ya biashara kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na tukaigawa kwa wiki ya saa 45, saa moja inakuja kama shilingi 769. Ikilipwa mara mbili ni 1,538. Mdogo wangu anasimama dukani saa 13 kila Jumapili. Tumhesabie saa 8 tu: ni kama shilingi 12,300 kwa siku, na kwa Jumapili nne inakaribia 49,000, yaani theluthi ya mshahara mzima. Fedha hiyo haionekani popote. Katika kaunta buku ya duka lile kila kilo ya sukari iliyotoka imeandikwa, kila dumu la mawese, kila jina la mkopaji na tarehe yake, lakini saa za kijana anayeandika hayo yote hazina ukurasa.

Wapo wazee wangu wa Ujiji watakaosema Jumapili si siku yao, kwani wao siku yao ni Ijumaa. Sheria haikutaja Jumapili. Imetaja saa 24, na zikiwa za Ijumaa ni sawa kabisa, mradi zipatikane.

Jibu zito zaidi ni lile la undugu, nami sitalipita haraka kwa sababu lina ukweli ndani yake. Kijana wa duka mara nyingi ni mtoto wa shangazi au jirani aliyeletwa kutoka Kasulu au Uvinza. Analala kwa tajiri, anakula chungu kimoja na watoto wa nyumba, akiugua anapelekwa hospitali, na ameahidiwa kwamba akitulia miaka kadhaa atapewa mtaji afungue duka lake. Nimewaona waliofunguliwa maduka kweli, na nawaheshimu matajiri waliotimiza neno lao. Nimewaona pia waliotulia miaka hiyo yote, kisha ukatokea upotevu wa mali usioeleweka, wakarudishwa kwao na begi moja na tuhuma ya wizi. Undugu wa namna hiyo hauna mahali pa kukatia rufaa. Tena sheria haimzuii tajiri kuwa na utu. Inamtaka ama ampe kijana siku yake moja, jambo ambalo halimgharimu fedha ya nyongeza, ama amlipe akiitaka siku hiyo. Anayesema duka la Kigoma halina faida ya kulipa mara mbili, basi na alifunge siku moja, au azipange zamu vijana wapumzike kwa kupokezana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wenye maduka wanaijua vizuri nguvu ya kujadiliana kwa pamoja. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kero za kodi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukaa nao na kuwasikiliza. Sikuwalaumu, kwani kero zao zilikuwa za kweli. Lakini nauliza: haki iliyokuwa halali kwa mwenye duka mbele ya serikali, kwa nini iwe utovu wa adabu kwa muuza duka mbele ya mwenye duka?

Na mtu asiniambie kwamba mambo ya vyama ni mageni kwetu. Kigoma ni mwisho wa reli ya kati, na wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma mwaka 1960 kwa zaidi ya miezi miwili wakidai maslahi yao, kabla nchi haijapata uhuru. TUICO, ambacho ndicho chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kinajua kujadili mikataba ya hali bora. Nakiomba kishuke hadi madukani, kuanzia maduka ya jumla ya Mwanga na ya mjini, na kisiogope udogo wa maduka hayo, kwa sababu sheria inakitambua chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kuwa ndicho cha kujadiliana na mwajiri, na mwajiri analazimika kujadiliana kwa nia njema. Katika duka lenye wafanyakazi watatu, wawili wakijiunga wamekwisha kuwa wengi. Dai la kwanza liwe dogo na lisilokwepeka: ukurasa wa saa za kazi katika kaunta buku, unaosainiwa na pande zote mbili kila wiki, ili siku kijana atakapofika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, asiwe na mdomo mtupu.