Kumpa mhusika wa kike upanga sio kumpa nafasi

Kila riwaya ya fantasia ikifanywa muvi ubishi ni uleule, mbona huyu dada wamembadilisha, wengine wanasema kitabu kimeharibiwa, wengine wanasema afadhali maana wanawake waliwekwa pembeni mno. Mi kubadilisha hakunisumbui, naangalia kitu kimoja tu: baada ya mabadiliko anaamua mambo yake mwenyewe au kashikishwa silaha basi?

Chukua Arwen, binti wa elfu kwenye The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien. Kitabuni haonekani sana, mapenzi yake na Aragorn, mrithi wa ufalme, yamesukumwa huko mwisho kwenye viambatisho. Muongozaji Peter Jackson kwenye muvi ya 2001 akampa kazi ya Glorfindel, elfu mwingine wa kitabuni, ndo anambeba Frodo, yule mhusika mkuu mwenye pete, kwenye farasi, anavuka mto, anageuka, anachomoa upanga na kuwaambia wale wapanda farasi weusi tisa wanaomwinda Frodo, wakimtaka waje wamchukue. Tamu sana ile, sibishi. Ila kitabuni Frodo yuko peke yake juu ya farasi, kajeruhiwa, na bado anageuka anawakatalia wote tisa, kwenye muvi kawa mzigo tu. Kwangu Arwen mwenye nguvu ni yule wa muvi ya 2003, yuko njiani na wenzake kuelekea kwenye meli ya kuhama nchi moja kwa moja, anamuona kwenye maono yule mtoto ambaye angemzaa na Aragorn, anageuza farasi na kurudi kumkabili baba yake aliyemficha ukweli. Hana silaha pale, ana uamuzi. Alafu wakaharibu wenyewe, wakamlaza anafifia akisubiri wanaume wamalize vita!

Tauriel, elfu aliyetungwa kwa ajili ya muvi za The Hobbit, ndo kabisa. Kitabu chenyewe cha 1937 hakina mwanamke anayeshiriki safari, kwa hiyo kumtunga nawaelewa, kapteni wa walinzi, mishale hakosei, safi. Evangeline Lilly, aliyemuigiza, mwenyewe alishasema alikubali kwa sharti asiwekwe kwenye mapenzi ya katikati ya wanaume wawili, wakaja kurekodi vipande vya nyongeza na kumweka hapohapo, kati ya Legolas, elfu mwenzake, na Kili, mmoja wa vibeti wa safari ile.

Na Éowyn je, yule mpwa wa mfalme kwenye The Lord of the Rings anayeenda vitani? Pale anapomuua yule mfalme mchawi, mkuu wa wapanda farasi weusi, wamepabakiza, vizuri, maana ni upanga. Kilichokatwa kwenye toleo la sinema ni anavyopona, anavyoamua mwenyewe kuachana na kutafuta kifo vitani na kutaka kuwa mponyaji, yaani sehemu yake kubwa kuliko zote, matokeo yake siku ya kumtawaza Aragorn yupo tu kasimama na Faramir, mpenzi wake mpya, na ambaye hajasoma kitabu anabaki anajiuliza hawa wamekutana wapi.