Yai Letu Halikuvunjika

Kazini tulikuwa tumekwama kwenye tatizo gumu, kila idara ikiisukumia nyingine, ndipo wakubwa wakatuletea mwezeshaji wa ubunifu na ushirikiano. Akaja na mayai.

Kila timu ilipewa yai bichi, mirija ya kunywea na selotepu. Tuunde kifaa, kidondoshwe kutoka ghorofa ya pili, yai lisipasuke. Na marufuku kukosoa wazo la mwenzako. Alisema ndivyo alivyoelekeza Alex Osborn, yule Mmarekani wa matangazo ya biashara aliyeeneza mtindo wa kumwaga mawazo kwa pamoja. Hakutuambia kwamba mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliupima mtindo huo, wakakuta watu wanne wanaofikiri kila mmoja kivyake, mawazo yao yakijumlishwa, huwapita wanne waliokaa pamoja. Angetuambia, ningejifungia chooni na mirija yangu.

Basi kila wazo likapita. Mtu wa masoko akataka parachuti, likawekwa. Fundi wa kompyuta akataka miguu, ikawekwa. Mwanasheria akabandika karatasi ya tahadhari. Mimi nilichangia mbawa, na mpaka leo nazitetea. Katikati ya zogo, mtu akamkabidhi mhasibu yai: "Hebu tutunzie hili." Mhasibu wetu ni mpole mno, akipata nafasi ya kusema, kikao kimeshafungwa.

Tukadondosha. Jamani! Parachuti likafunguka, kifaa kikatua kama unyoya. Makofi! Pembeni wenzetu wanafuta ute sakafuni.

Mwezeshaji akakikata kwa mkasi, akapekua mirija, akapekua miguu, akazipekua hata mbawa zangu.

"Yai liko wapi?"

Tukatazamana. Mhasibu, ambaye kumbe kidole chake kilikuwa juu muda wote, akakishusha na kulitoa mfukoni. Zima, lina joto.

"Si mmesema nitunze?"

Mwanasheria akadai kanuni isomwe upya. Ikasomwa: mshindi ni timu itakayobaki na yai zima. Hakuna mstari uliosema yai lazima liwe limeanguka. Timu nyingine zikaja juu, naye akazikumbusha kwamba kukosoa ni marufuku.

Mhasibu akainua kidole tena. Safari hii tukanyamaza wote.

"Mimi nilitaka tu kuuliza," akasema, "yai lingeingilia wapi? Maana mlango hamkuweka."