Kabla ya sifa za mhusika, tulitazame tendo lake

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kuhusu mhusika wa hadithi fupi, mara nyingi hujibu kwa orodha aliyoizoea: ni mchapakazi, ni mlevi, ana msimamo, ni mfano wa kuigwa na jamii, au hafai kuigwa. Orodha hiyo humpatia alama, nami siidharau. Hata hivyo, naamini kwamba tunapotanguliza sifa kabla ya kulitazama tendo, tunamzoeza mtoto kutoa hukumu ya kesi ambayo hajaisikiliza. Kwangu mimi, swali la kwanza kuhusu mhusika yeyote ni hili: alipofika mahali pa kuamua, alikuwa na njia zipi, na kila njia ingemgharimu nini?

Hapa Tanga ninafundisha wajukuu na vitukuu wa watu waliokuja kukata mkonge kutoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji, na kwa ajili ya somo hili niliwatungia hadithi fupi ya manamba mmoja, yaani kibarua wa mkataba mashambani, wa zama za Mwingereza. Manamba huyo analetewa habari kwamba mama yake amefariki huko Kigoma. Kesho yake anaamka alfajiri kama kawaida, anakwenda shambani, anakata mkonge wake mpaka unatimia, na jioni anatoa kipande, kadi yake ya kazi, mfukoni, anapitisha kidole gumba juu ya alama za siku alizokwisha kufanya kazi, kisha anakirudisha. Hamwambii mtu yeyote kambini.

Hukumu ya darasa ilitoka haraka: hana utu, anapenda fedha kuliko mzazi. Ndipo binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, kipande chake kilikuwa kimebakiza siku ngapi?" Swali hilo liliufungua mjadala wote. Katika mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa kadi ikishajaa. Kwa hiyo mtu huyu hakuwa akichagua kati ya mama na fedha. Angeondoka siku ile, angeondoka bila nauli, asafiri mwendo mrefu kuelekea kwenye mazishi ambayo yangekuwa yamekwisha kabla hajafika, na awakute ndugu zake akiwa mikono mitupu.

Lakini kipande hakielezi kila kitu, na hapa ndipo ninapopenda darasa likae kwa muda mrefu. Kinaeleza kwa nini hakwenda. Hakielezi kwa nini alinyamaza. Kijana mmoja alisema kwamba angetangaza msiba, wenzake wangekaa matanga pamoja naye, na kila mmoja angepoteza siku katika kadi yake, kwa hiyo ukimya ule ulikuwa wa kuwahurumia. Mwingine alipinga, akasema alinyamaza kwa sababu aliogopa kuambiwa "nenda", maana angeambiwa hivyo asingekuwa na la kujibu. Wote wawili walitegemea sentensi moja, inayosema kwamba usiku ule alikula ugali wake akiwa amewapa wenzake mgongo. Sikumpa ushindi yeyote kati yao, kwa kuwa hadithi inazibeba maana zote mbili, na kila mmoja alikuwa ameonyesha mahali alipoitoa yake.

Sharti hilo la kuonyesha mahali sitaki lilegezwe. Wapo wanafunzi ambao, wakiruhusiwa kuwaza, humtungia mhusika utoto wa mateso au mke mkorofi ambao hadithi haiwataji kabisa. Hadithi fupi ina nafasi ndogo, na mwandishi makini haweki mgongo uliogeuzwa bila sababu. Mwanafunzi afanye kazi na kile alichopewa. Vilevile, kumwelewa mhusika si kumtetea. Wapo waliomwelewa manamba yule vizuri na bado wakashikilia kwamba alikosea kuubeba msiba peke yake, nami nawaheshimu, kwa kuwa waliufikia uamuzi huo baada ya kuipima hali yake.

Najua mazoea haya ya kutanguliza sifa yana mizizi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, aliwapa baadhi ya wahusika wake majina yanayotangaza tabia, kama Karama na Majivuno, na katika masimulizi ya namna ile jina ni ufunguo halali. Hadithi fupi nyingi za leo haziandikwi hivyo, lakini sisi tunaendelea kuzisoma kama kwamba kila mhusika amevaa tabia yake kifuani. Hata mgawanyo wa wahusika bapa (wenye sifa moja isiyobadilika) na wahusika duara (wenye pande nyingi), ambao Mwingereza E. M. Forster aliueleza katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1927, umegeuka kuwa visanduku viwili vya kuwatumbukiza watu wa hadithi, ilhali Forster mwenyewe alisema kipimo cha mhusika duara ni uwezo wake wa kutushangaza kwa namna inayoaminika.

Ombi langu kwa walimu wenzangu wanaotunga mitihani ya shule ni dogo. Badala ya "Eleza sifa nne za mhusika mkuu", tuandike: "Taja uamuzi mmoja wa mhusika mkuu, eleza njia nyingine aliyokuwa nayo, kisha uonyeshe kwa ushahidi wa hadithi kwa nini hakuifuata." Usahihishaji wake utachukua muda zaidi, kwa sababu majibu hayatafanana, na mwongozo wa alama itabidi ukubali zaidi ya jibu moja lenye ushahidi.