Visima vya Brookhaven: nani apime maji yaliyo chini ya kinu?

Mnamo Januari 1997, sampuli za maji ya ardhini zilizochukuliwa kusini mwa kinu cha nyuklia cha utafiti cha Maabara ya Taifa ya Brookhaven, katika kisiwa cha Long Island jimboni New York, zilionyesha tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, kupita kiwango kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa nchini Marekani. Ilibainika kwamba bwawa la kuhifadhia fueli iliyokwishatumika lilikuwa likivuja galoni 6 hadi 9 kwa siku, pengine kwa muda wa miaka 12. Mwezi Mei, Waziri wa Nishati Federico Peña aliuvunja mkataba wa shirika lililokuwa likiiendesha maabara hiyo tangu 1947, na Novemba 1999 mrithi wake, Bill Richardson, akatangaza kwamba kinu hakitawashwa tena.

Wanasayansi wengi waliona adhabu hiyo imezidi kosa, na hoja yao ina uzito. Mionzi ya tritiamu ni dhaifu kiasi kwamba haipenyi ngozi. Nusu yake huisha kila baada ya miaka 12 hivi. Na maji hayo, yakisafiri polepole mchangani, hayakuvuka mpaka wa maabara wala kufika kwenye kisima cha mkazi yeyote. Hata kiwango chenyewe kina utata. Kwa vizio vya kupimia mionzi, Marekani inaruhusu pikokyuri 20,000 kwa lita, yaani bekereli 740, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unafika bekereli 10,000, na Umoja wa Ulaya umeweka 100 tu. Kwa maoni yangu, tarakimu ya Ulaya ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu haikuwekwa kama mpaka wa hatari: ikivukwa, wahusika wanatakiwa kuchunguza chanzo.

Brookhaven ilikosa uchunguzi wa namna hiyo. Wakazi wa sehemu hiyo ya Long Island hutegemea maji ya ardhini peke yake, na kwa sababu hiyo Kaunti ya Suffolk, ilipo maabara, ilikuwa imeitaka maabara ichimbe visima vya uchunguzi karibu na kinu. Maabara ilikubali, kisha ikaahirisha kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, ikiamini kwamba bwawa halivuji, mpaka visima vilipochimbwa 1996. Imani hiyo ilitokana na kupima kina cha maji bwawani, njia isiyofaa sana mahali ambapo maji hupungua pia kwa kugeuka mvuke: galoni chache zilizopotea ardhini zilihesabiwa kuwa zimekwenda hewani. Kwa hiyo, mkazi aliyeambiwa 1997 kwamba hakuna hatari alikuwa akiambiwa ukweli na watu wale wale waliochelewa kutazama, na sioni jinsi angeweza kulaumiwa kwa kutowaamini. Hata hivyo, kukifunga kinu kabisa ni uamuzi ambao vipimo vyenyewe havikuudai.

Je, basi, upimaji uondolewe mikononi mwa maabara? Wenye maabara ndio wanaojua mabomba yao yanapita wapi na nini kilimwagwa miaka ya nyuma. Mpimaji wa nje asiyejua hayo anaweza kuchimba kisima pasipo na tatizo, akatoa majibu safi yasiyo na maana. Huko Idaho, Idara ya Jiolojia ya Marekani imekuwa ikipima maji chini ya eneo la utafiti wa nyuklia tangu 1949, bila kuwa mwendeshaji wa vinu. Gharama, hata hivyo, hulipwa na Wizara ya Nishati, yenye vinu hivyo. Mpangilio wa aina hii, wenye maabara wakionyesha pa kuchimba na mwingine akichukua sampuli na kuzitangaza, unanishawishi kuliko ule wa Brookhaven, ijapokuwa uhuru wake una mlipaji.

Kuna jambo lililofunikwa na kelele za tritiamu. Eneo la Brookhaven liliingizwa 1989 katika orodha ya taifa ya maeneo yanayohitaji kusafishwa, na uchafu uliovuka mpaka kuelekea makazi ya kusini ulikuwa hasa kemikali za kawaida za karakana, zikiwemo viyeyusho kama kaboni tetrakloridi. Nyumba nyingi za upande huo zilibidi ziunganishwe na maji ya bomba, na kilichofukuza watu visimani mwao ni kemikali ambazo kipimo cha mionzi hakiwezi kuziona.