Jua la kumwaga, friza la kunuka

Jumapili nilipita kwa baiskeli kando ya shamba la sola la Weesow-Willmersdorf, nje kidogo ya Berlin. Jua kali, kwa viwango vya huku. Mwenzangu wa kazini akaniambia kwamba mchana kama huo baadhi ya mitambo huzimwa, maana umeme umejaa sokoni hadi bei imeshuka chini ya sifuri: anayeuza ndiye anayelipa. Hatujafika hata mbali, mama akapiga kutoka Mpwapwa, Tanzania. Umeme umekatika tangu alfajiri, nyama kwenye friza imeanza kutoa maji. Nikakosa la kumjibu.

Najua mtasema, "Kashiba viazi vya Wajerumani, sasa anatufundisha." Subirini kwanza.

Shamba lile lina paneli kama 465,000, megawati 187, na limejengwa bila bei ya kuhakikishiwa na serikali. Tangu liwashwe mwishoni mwa 2020 linauza umeme kama mama muuza nyanya, bei ya soko ndiyo bei. Na hii ni Brandenburg, jamani, ambako Desemba unaweza kumaliza wiki hujaliona jua!

"Lakini na wao walianza kwa kubebwa." Kweli kabisa. Sheria ya mwaka 2000 iliwapa wenye sola karibu senti 50 za yuro kwa kila yuniti, kwa miaka 20, na wananchi wakazilipia kwenye bili zao. Ada ya shule wakalipa wao, Wachina wakapanua viwanda, leo sisi tunanunua paneli Kariakoo kwa bei ya kawaida. Kwa hiyo msiniambie tunakwama kwa kukosa ruzuku. Huku mwenye mtambo akikataliwa na mnunuzi huyu anamwendea yule, au anafunga mkataba wa miaka kumi na kiwanda. Kwetu, anayetaka kuuza kwenye gridi ana mlango mmoja tu wa kubisha hodi, TANESCO, shirika la umeme la serikali. Benki gani itamkopesha?

"Tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115!" Tunalo, na picha zake nimewaonyesha kazini hadi wamenichoka. Ila nguzo iliyooza mtaani kwa mama haijui habari za bwawa. Haya, na shamba la sola nalo lisingeishika hiyo nguzo, hapo mmenipata.

Ndiyo maana mama hakumngoja mtu. Mwaka 2016 aliuza mbuzi wawili akafunga paneli moja juu ya bati. Nilipomsimulia mwenzangu akauliza ni ya wati ngapi. Themanini, nikamwambia. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jioni mama akanitumia picha. Friza limezima kimya, na juu ya mfuniko wake simu saba za majirani zinachajiwa, shilingi 300 kila moja.