Maswali Yaliyonirudisha Mwaloni Kirumba

Ni mwaka wa 11 sasa tangu niondoke Mwanza kuja Chicago, na katika mengi niliyoyakuta huku ugenini, hakuna lililonigusa kama shule anayosoma binti yangu. Ni shule binafsi aliyoipata kwa ufadhili, maana ada yake kamili ingetushinda. Humo somo halianzi kwa mwalimu kujaza ubao maelezo ya kunakili, bali kwa swali ambalo watoto hulitafutia jibu wao wenyewe kwa kuchunguza, kupima na kubishana.

Alipokuwa darasa la nne, walipelekwa ufukweni mwa Ziwa Michigan wakarudi na mifuko iliyojaa magamba ya kome wadogo, wasiozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Swali lilikuwa moja: kwa nini maji ya ziwa hilo siku hizi ni maangavu kuliko wanavyosimulia babu zao? Kwa wiki tatu mwalimu hakuwapa jibu. Walichukua chupa mbili za maji yenye ukungu wa kijani, wakatia kome hai katika moja, kisha kila asubuhi wakatazama kama herufi iliyobandikwa nyuma ya chupa inasomeka. Siku iliposomeka, binti yangu aliingia nyumbani akihadithia kabla hajavua viatu. Baadaye walijifunza kwamba kome mmoja huweza kuchuja hadi lita moja ya maji kwa siku, kwamba asili yao ni pande za Bahari Nyeusi na ya Kaspi, kwamba walisafirishwa ndani ya maji yanayobebwa na meli ili zisiyumbe, na kwamba walianza kuonekana katika maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1980. Lililomhuzunisha ni kujua kwamba kile wanachokichuja ndicho chakula cha viumbe wanaoliwa na samaki wadogo, kwa hiyo maji yanayopendeza machoni yana njaa ndani yake.

Nilimsikiliza nikikumbuka daftari langu la sayansi. Nilisoma shule ya msingi iliyo umbali wa robo saa kwa miguu kutoka Ziwa Victoria, na katika miaka yote saba hatukupelekwa ziwani hata siku moja kwa ajili ya somo.

Shule ya huku ina desturi ya kuwaalika wazazi waeleze darasani jambo wanalolijua. Zamu yangu ilipofika nilieleza uvuvi wa dagaa, jinsi mitumbwi inavyotoka usiku na taa zake hata ziwa likaonekana kama mji mwingine, na jinsi wavuvi wanavyopumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa. Mtoto mmoja akauliza kwa nini dagaa wafuate taa. Sikujua. Jioni nilimpigia mjomba wangu, ambaye aliacha shule darasa la nne na amevua maisha yake yote.

"Shikamoo mjomba. Hivi dagaa wanafuata nini kwenye taa?"

"Marahaba mwanangu. Wanafuata wadudu. Mwanga unakusanya wadudu, dagaa wanakuja kula. Mwezi ukiwaka mwanga umetapakaa kila mahali, taa yako haina kazi tena." Akanyamaza kidogo. "Wewe umesoma hapahapa. Hawakuwafundisha hayo?"

Swali hilo la mjomba limenikaa moyoni kuliko yote niliyoulizwa darasani siku ile.

Wapo watakaosema kwamba njia hii ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba katika mji huu huu ninaoishi, John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, na watoto wakajifunza kwa kupika, kufuma na kuchonga mbao. Lakini sisi tulikwisha kuambiwa jambo hili na mtu wa kwetu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoa jirani na Mwanza, aliandika katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kwamba elimu imjengee kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyarekebisha yasiyomfaa, na imani kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Aliikosoa pia elimu inayowatenga wanafunzi na jamii iliyowalea. Mengi ya waraka ule yaliishia kwenye jembe na shamba la shule, na kile kipengele cha udadisi, ambacho kwangu ndicho kiini chake, hatukukipa haki yake.

Kuhusu maisha ya jumuiya, siwezi kusema kwamba huku wametushinda. Shuleni kwa binti yangu wanafunzi wakubwa hulea wadogo, kila mmoja na mdogo wake wa kumsomea kitabu, na mzazi akijifungua wenzake hupangiana siku za kumpelekea chakula. Hayo yananifurahisha kwa dhati, ila jumuiya hiyo imeundwa kwa ratiba, na anayeshindwa ada hutoka shuleni na jumuiyani kwa siku moja. Mimi nililelewa mahali ambapo madawati yalitokana na michango ya mtaa mzima, kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni, na mama muuza dagaa alijua jina langu, la mwalimu wangu na namba niliyoshika darasani.

Kinachoniuma ni kwamba shule binafsi nyingi ninazoziona nikirudi Mwanza zinabomoa jumuiya ya namna hiyo bila kuleta ule udadisi. Desemba iliyopita nilikaa na mtoto wa dada yangu, anayesoma katika mojawapo ya shule za inglishi midiamu. Gari la shule humchukua kabla hakujapambazuka na kumrudisha magharibi, na likizo nusu huishia kambini kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba. Daftari lake lina mwandiko wa kupendeza. Nilipomuuliza kati ya sangara na sato ni yupi mwenyeji wa ziwa letu, alinisomea kwa kichwa maana ya samaki kwa Kiingereza, neno kwa neno, akaishia hapo.

Kesho yake tulikwenda na mjomba mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki kando ya ziwa. Mjomba alimwambia kwamba sangara aliletwa. Nami nikaongeza kwamba alitiwa ziwani miaka ya 1950, na kwamba hata huyu sato mkubwa anayejaa sokoni ni mgeni. Mjomba akamsimulia furu, wale samaki wadogo wa utotoni mwake, ambao wanasayansi wanakadiria walikuwa zaidi ya aina 500 na wengi hawaonekani tena. Mtoto aliuliza maswali kwa saa mbili mfululizo: nani aliwaleta, waliwauliza wavuvi, furu waliobaki wamejificha wapi?

Najua mwalimu mwenye wanafunzi mia moja katika chumba kimoja hawezi kusimamia uchunguzi wa kila mtoto, na sitamlaumu. Najua pia kwamba binti yangu alichelewa kushika jedwali la kuzidisha hadi nilipomfundisha mwenyewe mezani, kwa hiyo sisemi kukariri kufutwe. Lakini shule yenye watoto 30 darasani, inayolipwa ada na yenye basi lake, inakosa nini? Chuo cha uvuvi kipo Nyegezi, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo Mwanza, na kina mjomba wamejaa kila mwalo, wakiwa na majibu ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza.

Nilimwomba dada alifikishe hili kwenye kikao cha wazazi: alasiri moja kwa wiki, darasa moja, swali moja kuhusu ziwa, na wavuvi waalikwe waketi mbele ya darasa kama walimu. Nauli na chakula cha wageni hao kwa muhula wa kwanza nitatoa mimi. Uongozi umejibu kwamba utalitazama baada ya mtihani, na dada ameahidi kulirudisha mezani kikao kijacho.